Mikono Nyuma, Tunajifunza Ufundi

Kama kuna siku nilitamani kummwagia mtu ndoo ya grisi, ni ile siku mwalimu alipochora mstari wa chokaa kwenye sakafu ya kiwanda chetu, akasimama nyuma yake, akasema, "Vijana, leo mnaanza kujifunza kwa vitendo. Mikono nyuma!"

Wakaweka mikono nyuma. Vijana kumi na wawili, wamepakiwa kwenye lori la shamba kutoka Tanga mjini mpaka kwetu, mbele kidogo ya Pongwe, waje kuona mtambo wa mkonge. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imegundua kwamba nchi haina mafundi. Imekaa miaka yote hiyo, miaka hii ya hamsini ndiyo inagundua! Basi ikaamuliwa kila Alhamisi wanafunzi waletwe kiwandani, waione kazi, waipende, na mwisho wa mwaka achaguliwe mmoja aende karakana ya reli, afundishwe huku analipwa. Mmoja. Huyo ndiye awe mafundi wa nchi nzima.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtia mafuta wa mashine ya kuchuna mkonge, ile tunayoiita korona. Majani yanaingia upande huu mabichi, yanapondwa na visu vya kwenye pipa linalozunguka, upande wa pili inatoka singa, zile nyuzi za katani. Shule sikuiona. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwenye vibao vya ukutani, ndiyo maana neno la kwanza nililojua kuandika ni "hatari", na la pili "marufuku".

Lakini kati ya wale kumi na wawili alikuwamo sahibu yangu. Mpemba, mpole, sauti ndogo, mtu ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Mimi nilikuwa nagombana kwa niaba yake, maana mwenyewe hajui. Aliishi mjini kwa shangazi yake, na shangazi alishamwambia wazi: mwaka ukiisha hujapata kazi ya maana, unarudi Pemba kwa baba yako kuchuma karafuu. Na jamaa alikuwa ameshaanguka kwenye mkarafuu mara moja, mkono wa kushoto mpaka leo haunyooki sawasawa. Miti alikuwa akiiogopa kama watu wanavyoogopa nyoka. Mashine haogopi. Kwa hiyo ile nafasi moja kwa wenzake ilikuwa bahati nasibu, kwake ilikuwa ndiyo roho yake.

Sasa masomo yenyewe. Mwalimu alikuja na soksi za magotini na fimbo ndefu ya kuonyeshea, maana hata yeye hakupenda kusogea. "Lile ni gurudumu," anasema. Wanaandika: gurudumu. "Ule ni mkanda." Wanaandika: mkanda. Wiki ya tatu wakachora mashine. Mmoja, mtoto wa karani, alichora vizuri sana, kwa rula, ila mkanda kaupitisha mahali ambapo ungemkata kichwa mwendeshaji. Akapata kumi kwa kumi.

"Mwalimu," nikamwambia siku moja, nimeshindwa kunyamaza, "waache basi washike hata spana."

"Wewe umesoma darasa la ngapi?"

"Sikusoma."

"Basi endelea kutosoma, kimya kimya."

Ndipo nikaanza kumwiba sahibu yangu. Saa ya chakula mashine zinazimwa, mwalimu anakwenda kula kwa karani, mimi namwingiza Mpemba wangu chini ya korona. Nikamwonyesha matundu ya mafuta, lipi linataka mafuta mepesi, lipi grisi. Nikamwonyesha wenzo wa kuhamisha mkanda, ukiuvuta mashine inasimama bila kuzima injini. Kisha nikampeleka kwa fundi mkuu, Kalasinga mmoja mwenye ndevu na maneno machache. Yule mzee alikuwa na kijiti cha mpera. Mashine ikiwa inazunguka, anaweka ncha moja juu ya nyumba ya beringi, pale ekseli inapozungukia, ncha ya pili anaiuma kwa meno, anafumba macho. Mlio unapanda kwenye meno mpaka sikioni. Beringi nzima inanguruma sawasawa, beringi inayokufa inasaga kama mchanga. Akaiwasha korona bila majani, akampa Mpemba kijiti.

"Unasikia nini?"

Sahibu yangu akauma muda mrefu. "Shikamoo fundi... hii ya kulia inalalamika."

Kalasinga akaizima mashine. Akaenda akaifungua ile ya kulia. Baadaye akaniambia mimi, si yeye, "Huyu lete tena."

Mwaka ukakaribia kuisha, ikaja habari kwamba bwana mkubwa wa elimu anakuja na mkewe, aone vijana wanavyojifunza kwa vitendo, na hapo hapo atangaze mchaguliwa. Kiwanda kikaingia wazimu. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Meneja, Mgiriki wetu, akatoa madebe mawili ya rangi ya fedha, akasema korona ing'ae. Wanafunzi wakapewa brashi. Mwaka mzima, siku ya kwanza kuigusa mashine, wanaigusa kwa rangi!

Fundi Kalasinga hakuwapo. Alikuwa Amani, kwenye kituo cha utafiti, anatengeneza pampu ya watu. Kwa hiyo mkubwa wa mashine siku hiyo alikuwa mwalimu. Naye akaona pale kwenye matundu ya mafuta pana weusi wa oili, akasema uchafu huo ufunikwe vizuri, tabaka mbili.

"Mwalimu, hayo ni matundu ya mafuta!"

"Mgeni ataona uchafu."

"Mgeni ataona moto!"

Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyaandika, yanayohusu soksi. Meneja akaitwa. Nikaondolewa kiwandani mpaka ziara iishe, nikapelekwa uwanjani kuanika singa. Jioni, kabla lori halijawarudisha mjini, nikamweleza sahibu yangu: kesho, kabla wageni hawajafika, nenda na msumari, uyazibue. Akazibua matatu asubuhi kabla hajafukuzwa asichafue shati. La nne, la pipa lenyewe, hakuliwahi.

Yaliyotokea ndani nilielezwa na mwendeshaji wa korona, mtu asiyeongeza chumvi.

Mgeni kaja, mke kaja na kofia kama ua. Vijana wamepanga mstari nyuma ya chokaa, mashati meupe ya kuazima. Mashine ikawashwa, ikawaka fedha tupu, wageni wakapiga makofi. Maswali yakaanza.

"Kitu gani kinazungusha pipa?"

"Mkanda, Bwana Mkubwa!" kwa sauti moja.

"Na usalama ni nini?"

Mtoto wa karani akapiga hatua mbele. "Usalama ni kukaa mbali na mashine, Bwana Mkubwa!"

Mgeni akafurahi. Hapo sahibu yangu akageuza shingo. Alikuwa amesikia. Mwalimu akamkonyeza: tulia. Akatulia kidogo, akatazama mlango, akatazama mwalimu. Alijua anatazamwa, alijua ni siku gani. Kisha akavuka mstari wa chokaa, akachukua ufagio uliokuwa ukutani, akaweka mpini juu ya beringi ya pipa, akauma ncha ya pili.

"Maskini," mke wa mgeni akasema, "ana njaa?"

Kijana wangu akatupa ufagio, akaurukia wenzo, akauvuta kwa mkono ule ule usionyooka. Korona ikasimama. Moshi ukaanza kutoka kwenye ile rangi mpya, na harufu ya nywele zinazoungua.

Mimi huko uwanjani nilisikia kimya. Mtia mafuta akisikia kimya wakati wa kazi, anakimbia. Nilifika nikamkuta sahibu yangu amepiga magoti, anakwangua rangi kwa msumari, shati limekuwa jeusi mpaka kwapani, na mwalimu juu yake anapiga kelele, "Kavuka mstari! Mmeona wote, kavuka mstari!"

Bwana mkubwa akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema kijana huyu hana nidhamu, kasimamisha kazi mbele ya wageni. Nafasi akapewa mtoto wa karani, kwa unadhifu na majibu.

Sasa hapo nitanyamaza vipi? Nilimwambia mgeni kwamba karakana ya reli imepata mchoraji. Nilimwambia mwalimu kwamba laiti pipa lingepasuka likamwacha na soksi tu. Sahibu yangu ananivuta, "Yakhe, basi, yakhe, funga mdomo." Mimi naendelea. Meneja akanifukuza kazi papo hapo, na kusema kweli nilimpa sababu.

Kalasinga alirudi alasiri kwa pikipiki, vumbi la Amani kwenye ndevu. Akaifungua beringi. Ilikuwa imebadilika rangi, lakini haijavunjika. Akauliza nani kasimamisha. Akaonyeshwa. Akaenda kwa meneja, akakaa huko muda mrefu, sauti moja tu inasikika, na si ya meneja. Alipotoka alituita sote wawili getini.

"Wewe," akamwambia Mpemba, "kesho saa kumi na mbili. Kazi ya mafuta, na mimi nafundisha. Nafasi ipo." Akanitazama mimi kidogo. "Ipo kwa sababu huyu mdomo wake mkubwa. Wewe mimi nimeombea, bwana amekataa."

Sahibu yangu akatikisa kichwa. "Siitaki, fundi. Hiyo kazi ya mwenzangu."

"Unasemaje?" nikamrukia. Nilimshika shati pale penye grisi. "Unataka kurudi kwenye mikarafuu? Ukianguka tena nani atakuokota? Ukiikataa kazi hii nakupiga hapa hapa, mbele ya mzee."

"Na wewe utakula nini, yakhe?"

"Mimi nina miguu. Horohoro, kule mpakani, malori yanaharibika kila siku. Sema ndiyo!"

Akaanza kulia, mjinga yule, na mimi nikamzomea asilie. Kalasinga akapiga pikipiki yake teke, akasema anataka jibu kabla injini haijapata moto.

"Ndiyo, fundi," akasema. "Ndiyo."