Niliwasomea Alhamisi, Barua Ilisema Jumanne

Mimi ndiye niliyekosa. Sitamsingizia tajiri, wala baraza, wala shetani. Ni mimi! Jina langu sitalitaja kwa sababu watoto wangu wako shule hapa hapa Kisii, lakini kosa nitalisema lote, maana limenila vya kutosha.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nafasi ya sekondari sikupata, basi nikawa nakaa na mama yangu sokoni Nyakoe tukiuza ndizi. Wamama waliuzia kwenye kiwanja kile tangu sijazaliwa. Pembeni kulikuwa na chemchemi. Pale waliosha mboga, na jioni kila mmoja aliteka maji ya kupeleka nyumbani.

Akaja tajiri mmoja kutoka mjini. Alitaka kiwanja chote ajenge duka kubwa la jumla, la mawe, na ghala nyuma yake. Chemchemi ingefukiwa.

Wamama walikataa kabisa! Walimchagua mama awe mwenyekiti. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua kusoma kati yao, nikawa karani. Niliandika barua ya kupinga kwenda barazani, kila mmoja akatia kidole gumba. Bosibori, rafiki wa mama tangu usichana wao, alitia vidole vyote viwili. "Ili wajue nimekataa sana," alisema. Tulicheka mpaka machozi.

Juma hilo hilo nilikuwa natoka Marani kwa shangazi, tajiri akasimamisha pikapu yake kando yangu.

"Dada, wewe si ndiye msomi wa wale wamama?"

"Ndiyo."

"Sasa msomi anakaa matopeni na mikungu ya ndizi? Duka langu litataka mtu wa kaunta. Mtu safi, anayejua hesabu." Akawasha gari, halafu akasema, "Lakini wakifika barazani na kelele zao, duka halitakuwepo."

Hakuniambia nidanganye. Hilo nalikiri. Maneno yale matatu ndiyo yaliyonimaliza: mtu wa kaunta! Nilijiona nimevaa gauni lililopigwa pasi, miguu mikavu, watu wananiita madam.

Jibu la baraza likaja kwa Kiingereza. Wenye kupinga wafike Kisii Jumanne, saa tatu asubuhi, wasikilizwe. Wamama walinizunguka, wengine na watoto mgongoni, wote wananitazama mdomo.

Nikasoma kwa sauti ya chini, aliyesikia ni mama tu aliyekuwa begani kwangu, "Alhamisi."

Mama akapaza sauti, "Mmesikia? Alhamisi!"

Jumanne ikapita. Nilikaa nao sokoni siku nzima nikipanga ndizi. Bado ningeweza kusema! Sikusema.

Alhamisi waliamka alfajiri, wakavaa nguo zao za Sabato na vitambaa vyeupe kichwani. Tulitembea mpaka Kisii kwa miguu, wakiimba nyimbo za kanisani. Mama alivua viatu visichafuke, nikambebea. Nilitembea kilomita zote hizo na viatu vya mama mkononi, najua tunakokwenda hakuna kitu!

Karani wa baraza alitutazama kwa mshangao. "Mama, jambo lenu lilisikizwa juzi. Hakuna aliyekuja kupinga. Kiwanja kimeshatolewa."

"Juzi?" mama akauliza. "Si mlituita leo?"

"Jumanne, mama. Ndiyo tuliyoandika."

Mama akageuka, akanitazama. Nyasae, Mungu wangu, yale macho! Nikaangalia chini, kwenye viatu vyake. Akaelewa.

Bosibori alianza kulia. "Nani alisema Alhamisi? Nani?"

"Ni mimi," mama akasema. "Mtoto alinisomea vizuri. Mimi ndiye niliyewatajia siku isiyo."

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Wamama wote wanamkodolea macho mama yangu mbele ya ofisi ile, na mimi nimesimama pale kama gogo.

Duka likajengwa. Kazi nilipewa, gauni nilivaa. Kabla mwaka haujaisha tajiri alimleta shemeji yake kaunta, akaniambia nisirudi tena. Hata kwaheri hakunipa.

Lakini mama! Wamama walimtenga. Kanisani walimwachia benchi peke yake. Bosibori alikuwa akimwona njiani anavuka upande wa pili. Mama hakuwa tena na mahali pa kuuzia Nyakoe, akawa anabeba mikungu mpaka soko la Daraja Mbili, umri ule, mvua na jua. Huko ndiko alikoteleza na mzigo, akavunjika nyonga. Hakuinuka tena kitandani.

Siku moja nikimlisha nilisema, "Mama, acha niwaambie ukweli."

"Utaolewa na nani wakijua?" akanijibu. "Nilishe, uji unapoa." Hakuwahi kunigombeza hata mara moja. Afadhali angenipiga!

Alikufa mwaka juzi. Bosibori alikuja mazishini, akasimama mbali, kwenye ua. Aliponishika mkono alisema, "Pole, mwanangu. Mama yako alitukosea, lakini nimemsamehe." Nikamwambia, "Asante, mama." Asante! Kaburi la mama liko wazi nyuma yangu, nami nashukuru kwa msamaha wa kosa langu mwenyewe.

Mara tatu nimekwenda kwa Bosibori kumwambia. Mara tatu nimekunywa chai yake nikarudi nyumbani. Sasa amezeeka, majina yanamtoka, na safari ya mwisho aliniita kwa jina la mama. Nadhani nimechelewa.

Ninyi vijana mnaosomea wazazi barua, ninyi mnaotafsiri ofisini na hospitalini, nisikieni. Mtu asiyejua kusoma amekupa maisha yake mkononi. Msomee kilichoandikwa! Na kama umeshadanganya, kimbia ukaseme leo, wakati aliyebeba lawama yako bado anaweza kusikia. Mimi wangu hasikii tena.