Siku Fundi Macho alipokosea rangi

Saa mbili asubuhi, ndani ya nyumba ambayo bado haijatiwa vioo vya madirisha, fundi rangi amechuchumaa mbele ya ndoo anakoroga. Hana haraka. Anachovya kidole gumba, anapaka kwenye kipande cha kadi, kisha anatoka nacho nje juani. Anatoa mfukoni kipande kingine kikuukuu, anaviweka pamoja, anakunja uso.

"Zamani nilikuwa nawacheka watu wa kadi," anasema, macho yake yakiwa bado kwenye rangi. "Nilikuwa nasema kadi ni ya wasio na macho."

Wenzake kazini wanamwita Macho. Jina hilo alilipata ujanani, kwa sababu alikuwa akiutazama ukuta mara moja tu, na mwezi mzima ukipita anaweza kuchanganya rangi ileile bila kukosea. Sasa ana miaka hamsini na miwili, na vidoadoa vyeupe kwenye nyusi ambavyo havitoki hata kwa mafuta ya taa. Amekubali kuongea na gazeti kwa sharti kwamba jina lake halisi libaki nyumbani.

"Andika Macho tu," anasema. "Wanaonijua watacheka. Wasionijua wajifunze."

Anachotaka wajifunze kinahusu vidonge vya nguvu za kiume, na jinsi alivyovimeza peke yake jikoni kama mwizi.

Mke wake anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Anarudi alfajiri, nguo zikinukia unga na hamira, wakati mumewe anajiandaa kutoka. Kitanda chao hakipoi, maana mmoja akiamka mwingine analala, lakini wawili pamoja wanakikuta Jumapili tu. Kwa miaka mingi Jumapili hiyo iliwatosha.

Halafu mwili wa fundi ukaanza kumwangusha. Mara ya kwanza alisema amechoka. Mara ya pili alisema mgongo. Ya tatu akageukia ukutani tu, naye mkewe akavuta shuka upande wake.

"Ukuta nimeujua mimi," anasema, akicheka kicheko kisichofika mbali. "Lakini ule wa chumbani kwangu niliutazama mpaka nikauchoka."

Alifanya kile ambacho wanaume wengi hufanya. Akaanza kutafuta vibarua vya Jumapili. Kukiwa hakuna kazi, anakwenda kukaa kwenye nyumba isiyo na mtu, anasugua msasa ukuta ambao tayari ni laini. Anarudi jioni, mkewe anajiandaa kwenda zamu. Wanapishana mlangoni wakiulizana habari za maji na mkaa.

Siku moja mama watoto alimuuliza, "Hiyo nyumba unayopaka kila Jumapili haiishi? Ina vyumba vingapi?"

"Ni kubwa," akamjibu.

"Na mwenye nyumba ni mwanamke?"

Fundi anasema hapo ndipo alipopaswa kufungua kinywa. Ilikuwa rahisi zaidi kwa mkewe kuamini kuwa kuna mwanamke mwingine, na yeye, kwa aibu tu, akamwacha aamini.

Jamaa mmoja wa kuchanganya zege ndiye aliyempa ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mbovu mara mbili. Kwanza alimwambia vidonge vya presha alivyoandikiwa hospitali ndivyo vinavyommaliza, aviache. Fundi akaviacha. Pili akampeleka kwa mchuuzi anayeuza chaja, wembe na dawa kwenye meza moja. Vidonge vilikuwa ndani ya karatasi ya gazeti, bila boksi, bila maelezo. Mchuuzi akamwambia kimoja ni cha vijana, mtu mzima ameze viwili.

Akapanga mambo yake kama anavyopanga kazi. Mke anaingia saa kumi na mbili, yeye anatoka saa moja. Siku hiyo akaamka mapema, akaoga, akameza viwili na maji ya moto, akaketi kwenye kiti cha jikoni kusubiri.

Mkewe alichelewa. Mashine ya kukanda unga ilikuwa imeharibika kiwandani, wakafanya kwa mikono. Aliingia amechoka mpaka viatu hakuvivua, akajilaza juu ya kitanda na kandambili zake, akalala papo hapo. Fundi alisimama mlangoni akimtazama.

"Nilimvua kandambili," anasema. "Nikamfunika. Basi, nikachukua brashi zangu."

Njiani uso ulikuwa unamwaka na kichwa kinagonga. Siku hiyo alikuwa na kazi kwa mwalimu mmoja mstaafu: kupaka ukumbi wa nyumba rangi ya krimu ileile aliyompakia sebuleni mwaka uliopita. Kazi ya kuchanganya kwa kichwa, ambayo Macho huifanya akipiga mluzi.

Lakini kila alipokoroga, krimu ilikuja imepoa, ina ubluu kwa mbali. Akaongeza njano. Akatazama, bado. Akaongeza tena. Alipopanda ngazi dunia ikamzunguka, akakumbatia ngazi mpaka kizunguzungu kikatulia, kisha akaendelea kupaka. Mwalimu hakuwepo, alikuwa amesafiri. Jioni fundi akafunga ndoo akijua amemaliza kazi safi.

Kesho yake mwalimu alimpigia simu, akamtaka aje aone mwenyewe.

"Fundi," alimwambia pale mlangoni, "huu ni ukumbi au kiini cha yai?"

Fundi aliingia akatazama. Ukuta ulikuwa njano kweli kweli. Aliurudia wote kwa gharama yake na hakulalamika, maana kilichomtisha kilikuwa kikubwa kuliko rangi. Aliamini anapofuka. Mwili umekwisha, sasa na macho. Kitu cha mwisho ambacho watu walimheshimu nacho kilikuwa kinaondoka, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu huyo, fundi mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.

Alikwenda kituo cha afya akitaka miwani. Daktari aliyemkuta alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza. Akampima macho, hayakuwa na tatizo.

"Baba, siku ile asubuhi ulimeza nini?"

"Chai."

Daktari akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Baba, chai haibadilishi rangi ya ukuta. Ulimeza nini kingine?"

Fundi anasema aliutazama mguu wa meza mpaka akaujua kwa moyo. Kisha akafunguka.

Daktari hakucheka. Alimwambia dawa za aina hiyo zipo kihalali, zinasaidia watu wengi, na moja ya madhara yake, hasa zikizidi kipimo, ni kumfanya mtu aone vitu vimeingia ubluu kwa saa kadhaa. Macho yake yalikuwa yanaona ubluu ambao haukuwepo, naye akaufukuza kwa njano. Kuhusu vile vya kwenye gazeti, hakuna anayejua ndani mna nini wala kiasi gani.

Kisha akampima presha, akapima tena. Ilikuwa juu sana. Akampima na sukari, nayo ilikuwa imeanza kupanda.

"Aliniambia nguvu zikipungua, mara nyingine ni mishipa ya damu inatoa taarifa mapema," anasema fundi. "Mimi ile taarifa niliifunika kwa rangi."

Daktari akamuuliza pia, zaidi ya mara moja, kama anatumia dawa yoyote ya maumivu ya kifua, hasa ile ya kuweka chini ya ulimi. Hatumii. Daktari akashusha pumzi. Akamweleza kwamba dawa hizo mbili zikikutana mwilini, presha inaweza kuporomoka ghafla na mtu akafa. Ndiyo sababu lazima daktari ajue kila kitu unachomeza, hata cha mitishamba.

Kwanza wakarudisha presha kwenye mstari. Dawa ya zamani ikabadilishwa kwa nyingine. Daktari akamwambia dawa ikimsumbua aende kusema, asiiache kimyakimya. Baada ya wiki kadhaa ndipo akamwandikia ya nguvu, kipimo cha chini, anunue duka la dawa. Kidonge kimoja, kama saa moja kabla, na kisizidi kimoja kwa siku. Asichanganye na pombe nyingi. Kifua kikimbana, asiongeze kitu, aende hospitali na aseme alichomeza. Vivyo hivyo kama macho yatapoteza nuru ghafla, au kama uume utasimama na kugoma kutulia kwa zaidi ya saa nne.

"Halafu akaniambia, baba, hiki kidonge hakileti hamu. Kinahitaji watu wawili wanaotakana." Fundi anafuta mikono kwenye suruali, polepole. "Nikakumbuka kile kiti cha jikoni."

Alimwambia mkewe siku hiyohiyo aliyoandikiwa kidonge, akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulimshinda. Alimwambia yote, hadi kandambili. Alitegemea kilio au matusi.

"Mwaka mzima," mkewe akasema, "najitazama kwenye kioo natafuta nimepungua nini. Na wewe ulikuwa unajua."

Akaenda kulala. Tangu siku hiyo anamjibu vizuri, anamwekea chai, ila Jumapili analala chumba cha watoto, ambao walishahama. Dawa iko kabatini kwenye boksi lake, haijafunguliwa. Fundi hamlaumu. Anasema upweke wa sasa ni mzito kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule alijificha, na huu anasubiri.

Wiki iliyopita aliamua kupaka upya chumba chao, ambacho kwa miaka yote hiyo kimebaki na plasta tupu. Alichanganya rangi nne, akapaka mraba wa kila moja ukutani, upande ule aliokuwa akiugeukia. Akamwambia mkewe achague. Mkewe hakujibu. Kila asubuhi fundi anaongeza tabaka moja la rangi kwenye ile miraba, kisha anakwenda kazini, na mkewe anaingia kulala.

"Jana nimerudi," anasema, akifunika ndoo, "nikakuta alama ya kidole. Kwenye ile ya kijani hafifu. Alibonyeza ikiwa mbichi."

Hajamuuliza. Kuna mtu amempa kazi Jumapili hii, kazi nzuri, naye ameikataa. Jumamosi atachanganya kijani ndoo nzima, na safari hii atachukua brashi mbili.