Mafuta ya Mjomba Bakili

Kila asubuhi, kabla hajamwamkia mtu, mjomba wangu Bakili alichovya kijiti kwenye chungu cha mafuta ya nyonyo, akadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akalisugua kwa dole gumba, akanusa. Kisha alijifuta kwenye mwimo wa mlango. Mahali pale mwimo ulikuwa mweusi, na mara kwa mara nilikuta inzi wamenasa, wanapiga mabawa bila kwenda popote.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule ya misheni nilikaa msimu mmoja tu, nikajua kusoma na kuandika, halafu mama akanirudisha Ruhuwiko tulime, maana baba alikufa kwenye vita vya Maji Maji na nyumba haikuwa na mikono. Tulibaki mama yangu Biasha, kaka yangu Osmund na mimi. Mjomba Bakili, kaka yake mama, alitoka kwao Namasakata mwaka wa njaa akatufuata, na mzigo wake wote ulikuwa chungu kimoja na kibuyu kimoja. Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye wapwa zake, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza atakaa mpaka lini.

Kazi yake ilikuwa mieleka. Nasema kazi, maana alilishwa kwayo, na sisi tulilishwa naye. Jumbe Salum, aliyewekwa na Wajerumani, alitakiwa kila baada ya mavuno kupeleka bomani vijana wa kubeba mizigo hadi Kilwa. Wengine walirudi na vidonda mabegani, wengine hawakurudi. Ili watu wasinung'unike sana, Jumbe akatoa ruhusa moja: kijana atakayemwangusha Bakili kiwanjani siku ya soko, jina lake linafutwa. Bakili akiwaangusha wote, anapewa kaniki na mguu wa mbuzi, na jina lake yeye haliandikwi kamwe.

Hapo bado hapana neno. Neno ni kwamba mcheza mieleka hujipaka mafuta, ili mikono ya mwenzake iteleze. Na mwenye kuuza mafuta hayo pale kwetu alikuwa Bakili huyohuyo. Kuku mmoja, kibuyu kimoja.

Mwanzoni watu walimwogopa. Baada ya yale maji ya vita nani angependa tena kupakwa kitu cha mtu? Mama alimwambia wazi.

"Kaka, mume wangu alinyunyiziwa, akaambiwa risasi zitageuka maji. Usiniletee mambo hayo hapa."

"Hii si dawa, Biasha. Ni mafuta. Hata kigoda ukikipaka kitateleza."

"Na unawauzia haohao wanaokuja kukuangusha?"

Akacheka. "Nisipowauzia watasema nawaogopa."

Mama naye akacheka, na mguu wa mbuzi ukaingia jikoni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kwamba mafuta ya kuuza yalitoka kwenye chungu, lakini mjomba mwenyewe alijipaka ya kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda chake, chenye kizibo cha gunzi. Kama yote ni nyonyo, kwa nini yakae mbalimbali?

Nikaanza kutazama migongo. Pankrasi, kijana mwenye nguvu kuliko wote wa upande wetu, alipoangushwa aliinuka na udongo mwekundu umemganda, na unyoya wa kuku begani. Mjomba naye alikuwa amegaragara palepale, lakini udongo ulimdondoka kama maji kwenye jani la gimbi.

"Leo kanishika kama kupe," Pankrasi alisema, akijikwangua.

"Sema umechoka!" watu wakamzomea. "Mkono wa mwenzio una kosa gani?"

"Rudi kwa mama yako akakukande!"

Akaenda Kilwa, akarudi na kidonda begani. Mwaka uleule mdogo wake, Gaspari, aliangushwa vilevile, akapelekwa Kilwa na mzigo wa nta kichwani. Hakurudi.

Siku moja nilimkuta mjomba nyuma ya shamba anachanja mkuyu, utomvu unachuruzika kwenye kifuu. Akasema anatengeneza ulimbo wa kunasia ndege. Nikasema ndiyo, mjomba. Lakini tangu aje kwetu sikuwahi kumwona na ndege hata mmoja.

Nilimwambia mama. Aliendelea kupeta ulezi. "Lidwina, mdomo huo ufunge. Huyo ndiye anayetulisha."

Basi nikaufunga, mpaka mwaka ule Jumbe alipoliandika jina la Osmund.

Mama alipiga magoti mbele ya kaka yake. "Jiangushe. Mara moja tu. Akienda huyu, nani atanilimia?"

"Jumbe si mtoto. Akijua nimejiangusha, tutaandikwa wote wawili." Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo. "Chukua, mpwa wangu. Yako ni bure."

Osmund alifurahi. "Umeona, Lidwina? Wewe kila siku kumtazama mjomba kama mwizi."

Nilikuwa nimeona. Kupitia mlangoni nilimwona akiyateka kwenye chungu.

Siku ya soko asubuhi, mjomba alipokaa nje kula, niliingia chumbani kwake na kibuyu cha Osmund. Nikamimina ya mjomba kwenye bakuli, nikatia ya Osmund mahali pake, kisha ya mjomba nikayatia kwenye kibuyu cha Osmund. Gunzi nikalirudisha kama lilivyokuwa. Vidole vilinigandana mpaka nikavisugua kwa majivu.

Kiwanjani Jumbe alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, karatasi ya majina gotini. Mjomba akachomoa gunzi. Akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akalisugua. Dole gumba likasimama.

Akainua macho, akawapitia watu mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi. Nilitazama chini. Nilipoinua uso alikuwa anajimiminia kifuani, yote, mpaka tone la mwisho.

Nimewaza mara nyingi. Je, alijipaka kwa ajili ya Osmund? Au aliona haya kurudi nyuma mbele ya watu, akadhani kijana yule atamshinda vivyo hivyo? Sijui, na sitaki kumsemea.

Mara tatu alimkamata Osmund, mara tatu Osmund akamponyoka. Ya nne Osmund akamshika kiunoni, na mikono ile haikuteleza. Bakili akaenda chini mgongo wote.

Mara sauti ya Pankrasi: "Mpwa wake! Kamwachia mpwa wake!"

"Ndiyo, kamwachia!" wengine wakaitikia. "Sisi tubebe, wao wale mbuzi!"

Jumbe akasimama. "Bakili, nakulisha miaka mitatu uje kunifanyia mchezo? Kama umemwachia, jina lake linabaki, na lako naliandika chini yake."

Mjomba alikaa chini akihema, udongo umemganda kama ukuta uliokandikwa. Nilijua analofikiri. Akinyamaza, Osmund anakwenda Kilwa. Akisema, hatauza tena tone, na kila aliyewahi kuanguka atajua kwa nini alianguka.

"Jumbe," akasema, "lete mkono wako."

Akauchukua, akaubandika begani pake. Jumbe alipotaka kuuondoa ulikataa kwanza, kisha ukabanduka, kiganja chote kimejaa weusi.

"Ni nini hiki?"

"Mafuta yangu. Ninayowauzia, yana ulimbo. Sikumwachia kijana. Nimeshikwa."

Pankrasi alijitazama mikono. "Kwa hiyo Gaspari..." akaanza, asimalize.

Jumbe alijifuta kwenye kanzu, akaketi, akalifuta jina la Osmund. Kisha bila haraka akaandika la mjomba mahali pake. Hakuuliza lolote, wala hakushangaa, na hapo nikamshuku na yeye.

Nyumbani mama alimpa kaka yake maji na majivu. Mjomba alijisugua mpaka ngozi ikaiva. Hakuuliza nani aliingia chumbani kwake. Aliponipita mlangoni alisema tu, "Una macho wewe," na sikujua kama ananisifu au ananionya.

Asubuhi alitoka nje. Chungu kilikuwa mahali pake, kijiti juu yake. Hakukigusa.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba."

"Kaka, uji huo unapoa," mama akaita kutoka jikoni. "Unakwenda wapi?"

"Kuchuma nyonyo."

Kikapu kilikuwa kimetundikwa ukutani, karibu na kichwa chake. Alikipita bila kukitazama, akashika njia ya shambani, akaupita mnyonyo wa kwanza, akaupita wa pili. Mama alifunika uji wake kwa sahani. Ulikaa pale mpaka ukaganda, tukawapa kuku.