Maiki Ilizima, Watu Wakaanza Kucheka

Leo nimeinama kushukuru kicheko ambacho hakikuwa changu.

Mliokuwa pale, zile video mlizonirekodi kwa simu futeni. Naomba kwa heshima.

Mnajua kazi yangu: natafsiri muvi kwa maiki kwa ule ukumbi wetu wa video hapa Isiolo. Bila mimi, stering, yule shujaa wa muvi, hawezi hata kusalimia mtu.

Sasa leo nikaweka muvi ya zamani ya kuchekesha, isiyo na sauti kabisa. Nikawaambia watu, "Haya mambo ya kuanguka na kukimbizana mnayopenda kwa muvi za siku hizi yalianzia hapa."

Nikaanza kutafsiri.

Kutafsiri nini, jamani? Hakuna mtu anaongea! Jamaa akibeba ngazi, mimi naeleza ngazi.

Ukumbi kimya. Hata kikohozi hakuna.

Nikapandisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ghafla, kicheko! Watu wanajipiga mapaja, wengine wanafuta machozi.

Nikajua hatimaye nimewaweza. Nikasimama, mkono kifuani, nikainama kama msanii mkubwa.

Kivuli changu kikafunika picha yote.

Bibi mmoja Mborana tunayemwita Akoo, aliyekaa mbele kabisa, akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, kaa chini. Hiyo maiki yako ilizima kitambo."

Nikaanza kupapasa mfuko kutafuta betri.

"Wacha tu," akasema. "Sasa ndio tunasikia vizuri."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hicho ndicho kilikuwa changu.