Vichwa Kumi na Kimoja vya Treni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa firimbi, rungu na kipande cha reli cha kulinda. Ilikuwa Ramisi, enzi za kiwanda cha sukari, nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa niliyeacha shule darasa la nne. Kipande changu kilianzia kwenye daraja dogo hadi kwenye mizani, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Juu yake vilipita vigari vya miwa vikivutwa na kichwa cha treni kilichokohoa kuliko babu yangu. Kazi ilikuwa kuzuia watu wasichomoe miwa. Kabla jua halijatua nilikuwa nimeshamkamata mtu, nikamburuta hadi kwa Mnyapara wa Walinzi, kifua kimenivimba kama jogoo.

Mnyapara alimtazama yule mtu, kisha akanitazama mimi.

"Muwa uko wapi?"

"Ameshautafuna, Mnyapara. Lakini mwizi huyu hapa."

"Mwizi nitamfanya nini mimi? Nikimtia kinuni atatoa sukari?"

Walinzi wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka, nilisikiliza. Siku ile nilijifunza kwamba kazi ya ulinzi ni kazi mbili, na hizo mbili hazipatani. Iko kazi ya kumkamata mwizi na iko kazi ya kurudisha mali. Ukimkimbiza sana mwizi, ataitupa mali baharini ili asikutwe nayo. Ukiitaka mali, lazima umwachie mwizi mlango wa kuirudishia. Vijana wa leo wanaotoka kwenye makampuni na buti zao za kung'aa hawafundishwi hili. Mimi nililijua kabla sijaota ndevu vizuri.

Kiwanda kilipofungwa nilihamia Diani, kwenye hoteli. Huko bosi wangu alikuwa Afisa Mkuu wa Ulinzi, mtu wa bara aliyekuwa jeshini zamani, mrefu kama mnazi na mkali kama pilipili mbuzi. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya kitaalamu. Lindo ni mahali unapopangiwa kusimama, hutoki hata ukiitwa na mkeo. Doria ni kuzunguka, na doria haina saa maalumu, maana ukizunguka kila saa kamili, mwizi naye ana saa mkononi. Kitabu cha matukio ni daftari kubwa ambamo kila jambo huandikwa, hata ngedere akiiba ndizi. Kuandika kwangu kote nilijifunzia kwenye kitabu kile. Maneno ya kwanza niliyoandika bila kusaidiwa yalikuwa "hali shwari", na hadi leo naandika "shwari" kwa mwandiko mzuri kuliko jina langu.

Hotelini nilipata sifa. Mgeni akipoteza saa au kamera, Afisa Mkuu alikuwa akisema, "Mwiteni Bakari." Nami nilikuwa naiona. Sijisifu, waliofanya kazi Diani miaka ile wapo, waulizeni. Sifa hiyo ndiyo iliyonipeleka Galu, kwenye nyumba za kupangisha zilizo karibu na ufuo, nikawa msimamizi wa walinzi sita. Bosi wangu huko alikuwa mwanamke, nasi tulimwita Bi Meneja.

Katika nyumba hizo, moja ilikaliwa na mzee Mswisi ambaye wafanyakazi walimpa jina la Mzee wa Reli. Chumba kizima alikigeuza kuwa stesheni. Kulikuwa na meza kubwa yenye reli, vituo, madaraja na vilima vya karatasi, na ukutani kabati la kioo lenye vichwa vya treni vidogo, kila kimoja si kirefu kuliko kiganja. Mara ya kwanza niliviita vya kuchezea, akanisahihisha kwa upole. Alisema huko kwao watu wazima huvikusanya maisha yao yote, na kwamba vingine vilitengenezwa kwa mkono na mafundi waliokwisha kufa, havitengenezwi tena. Nilipomwambia nimelinda reli ya kweli Ramisi alifurahi sana. Kuanzia siku hiyo akanionyesha kila kimoja kwa jina, kama mtu anayewatambulisha wajukuu.

Msimu wa mvua Mzee wa Reli alikuwa akienda kwao. Funguo za nyumba alimwachia mpishi wake, Mutua, Mkamba wa makamo, mtu wa kanisa, asiye na maneno. Mwaka uliotangulia, wakati wa zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara, wengi wao walifunga virago wakahama pwani. Mutua alibaki na mkewe Kalekye. Alisema nyumba ya watu haiachwi wazi.

Sasa ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Jumamosi moja saa nne asubuhi Mutua alinijia mbio, uso umempauka. Kabati lilikuwa limefunguliwa na vichwa kumi na kimoja havikuwepo. Nilikwenda nikakagua kama nilivyofundishwa. Mlango wa nyumba mzima. Kitasa kizima. Madirisha yana vyuma, na vyuma vizima. Juu ya meza na juu ya kabati palikuwa na vumbi la kahawia. Nikasema moyoni, hata kufagia hafagii huyu.

Bi Meneja aliniuliza, "Bakari, unaonaje?"

Nami, mbele ya walinzi wangu sita na polisi wawili waliokwisha kufika, nilijibu kwa sauti ya mtu asiyekosea. "Mlango haukuvunjwa. Aliyeingia ana ufunguo. Ufunguo anao mtu mmoja tu."

Polisi hawakuhitaji zaidi. Mutua aliomba avue kwanza aproni ya Mzee isije ikachafuka, akaikunja, akaniwekea mikononi, akapanda gari lao. Ilijulikana kwamba Jumatatu asubuhi angepelekwa mahakamani Kwale.

Jumapili asubuhi Kalekye alinikuta langoni. Hakulia wala hakunitukana.

"Mzee, ni wewe ulisema ni Mutua."

"Ndimi."

"Wewe ukisema, watu wanaamini. Mimi nikisema hakuna mtu ataniamini, mimi ni wa bara. Sasa enda useme tena."

"Niseme nini, mama? Mimi nimesema nilichokiona."

"Basi enda uone tena," akasema, akakaa chini kwenye jiwe la langoni kama mtu aliyekuja na siku nzima.

Nilirudi kwenye kile chumba, nusu kwa hasira. Nikapitisha kidole juu ya kabati. Ndipo nilipolitazama lile vumbi kwa macho ya mtu aliyezaliwa chini ya paa la makuti. Lilikuwa vumbi la makuti makavu, lile linalomwagika kuti likiguswa. Paa lile halikuwa na dari. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba, na hapo ilikuwapo ngazi, imeegemezwa ukutani tangu paa lilipokarabatiwa wiki iliyotangulia. Nikapanda.

Niwaeleze kidogo namna makuti yanavyoezekwa. Kuti lililoshonwa hulazwa juu ya fito na kufungwa kwa kamba. Hufanya kazi watu wawili, mmoja juu analaza, mwenziwe ndani anafunga, kwa hiyo fundo hukaa ndani daima. Nilipofika usawa wa kile chumba niliona makuti matano ambayo mafundo yake yako nje. Mtu alikuwa peke yake juu ya paa. Alifungua nafasi, akaingia, akatoka, kisha akaziba. Na aliziba vizuri. Makuti yalipangwa kwa shibiri moja moja, tone la mvua lisingepita. Halafu nikaona kwamba mafundo yote matano yamezungushwa kinyume, kwa mkono wa kushoto.

Galu nzima palikuwa na fundi makuti mmoja wa mashoto, naye ni Fundi Nassoro. Ndiye aliyeezeka nyumba ya baba yangu. Na ndiye niliyempendekeza mimi mwenyewe kwa Bi Meneja kwa ukarabati wa wiki ile.

Nilishuka nikamwambia Bi Meneja kwamba Mutua hakuingia pale, na kwamba aniachie siku moja nirudishe vitu kwa njia zetu. Alinitazama sana. "Jana ulikuwa na hakika," akasema. Kisha akaniruhusu.

Alasiri nilimkuta Fundi Nassoro uani kwake akisokota kamba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bakari mwanangu. Karibu ukae. Mbona una vumbi la makuti kichwani?"

"Nimetoka juu ya paa la Mzee wa Reli."

"Na tumbo hilo? Fito zimesema nini?"

"Zimelalamika. Lakini nimeona kazi kule, Fundi. Makuti matano, yamepangwa hasa. Ila mafundo yako nje."

Mikono yake iliendelea kusokota. "Mtu akiwa peke yake atafungaje ndani?" akasema taratibu.

"Ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikajiuliza, mwizi gani huyu anayeziba tundu?"

"Mvua ingeingia," akasema. "Meza yote ile ingeoza. Mtu huwezi kuacha paa la watu wazi."

Alikuwa amekwisha kusema, naye alijua.

"Fundi, Mutua yuko ndani. Kesho asubuhi anapelekwa Kwale."

"Nimesikia."

"Nimeshaongea na Ustadhi. Kesho jua likichomoza itasomwa halbadiri."

Kwa msiojua, halbadiri ni kisomo kizito kinachosomwa kumwapiza mwenye kushika mali ya wizi, na pwani yetu hakuna mtu, mwenye dini wala asiye na dini, anayetaka kungoja aone kitampata nini.

"Asomewe nani?" akauliza.

"Aliye navyo. Mimi simjui. Vikirudi kabla ya hapo, hapana kisomo."

Aliikunja ile kamba, akaiweka kando. "Kuna mtu wa vinyago pale ufuoni," akasema, "anasema wazungu hununua vitu kama vile kuliko dhahabu. Mtu mzima akisikia maneno ya kijinga, Bakari, ayazibe masikio. Yeye hakuyaziba."

Hakusema ni nani. Sikuuliza.

Nilipotoka msikitini baada ya alfajiri nilikuta pakacha mlangoni kwangu. Ndani yake vichwa vyote kumi na kimoja, kila kimoja kimeviringishwa kwa jani kavu la mgomba kama halua. Hakuna gurudumu lililopinda. Nililibeba lile pakacha kifuani hadi kituo cha polisi, na nilipofika gari la kwenda Kwale lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Afande wa zamu alivihesabu juu ya kaunta. "Mzee, Jumamosi ulisema ni mpishi. Leo unasema siye. Tuandike lipi?"

"Andika la leo."

"Kwamba ulikosea?"

Sikuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu mwenye kalamu. "Andika kwamba nilikosea. Na twende ukaone paa."

Alikwenda, akapanda ngazi mwenyewe, akashika yale mafundo. Akaniuliza mwizi ni nani. Nikamjibu kwamba sikumwona mtu kwa macho yangu, na nilichokwisha kukisema bila kuona kilikuwa kimetosha. Kabla ya adhuhuri Mutua alitoka.

Tulitembea pamoja kurudi Galu, Kalekye mbele yetu. Tulipokaribia lango Mutua akaniuliza, "Ulipanda paa lini?"

"Jana."

"Ile ngazi, ilikuwa hapo Jumamosi?"

"Ilikuwapo."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi, akaenda jikoni kuvaa aproni yake.

Mzee wa Reli aliporudi aliniandikia barua ya sifa, na Bi Meneja akaisoma mbele ya wafanyakazi wote. Ipo sebuleni kwangu ndani ya fremu, karibuni muione. Fundi Nassoro alihamia Jego kwa binti yake mwaka uleule na hakupanda tena paa la Galu. Mutua aliendelea kupika miaka mitatu, kisha wakarudi kwao. Kabla ya mambo yale tulikuwa na desturi ya kunywa chai pamoja alasiri, mimi na yeye, nyuma ya jiko. Aliporudi kutoka kituoni chai ilikuja kama kawaida, yenye tangawizi, moto, kikombe kimoja. Nilijaribu mara nyingi. Nilimletea kaimati za mke wangu, nikavuta kiti cha pili, nikamwita. Alikuwa akijibu kwa adabu kwamba ana kazi ndani.

Sasa nimestaafu, goti halitaki tena doria. Nimerudisha saa, kamera, pete za harusi, na mara moja jino la dhahabu. Vijana huja kuniuliza siri ya kazi, nami huwaambia mengi, maana ninayo mengi. Lakini kila kijana aliyepata kuwa chini yangu tangu mwaka ule, akija kuniambia "mwizi ni fulani", nilimwuliza jambo moja tu, kama amekwisha kuzunguka nyuma ya nyumba. Wengi hawakuwa wamezunguka. Niliwarudisha wakazunguke, nami nikanywa chai yangu peke yangu nikiwangoja.