Jinsi Bi Fumbo Alivyompata Muuaji

Kabla mtaa mzima haujaanza kumwita Bi Fumbo, alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na wenzake walimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kupoteza jalada, na saa ya mapumziko hakutoka kwenda popote. Wao walikwenda kula. Yeye alibaki nyuma ya kaunta, akasukuma mafaili pembeni, akashika kalamu, akaua watu. Alimuua mwanasheria kwa kamba ya pazia, akamuua tajiri ndani ya lifti, akaua mapacha kwa siku moja. Akisikia viatu vya mkuu wa ofisi vinakuja koridoni, aliwafunika maiti wake kwa jalada la kiwanja cha mtu na kuuliza kwa upole, "Nikusaidie nini, bosi?"

Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi na mama yake, na nyumba chache mbele yao aliishi dada yake mkubwa pamoja na mumewe, fundi cherehani, na binti yao mmoja. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, maana mara nyingi midomo yake ilikuwa imebana pini. Alipozungumza na wewe alikutazama mabega, si macho, kana kwamba bado anakupima.

Riwaya za kwanza za Bi Fumbo zilirudi zote. Mchapishaji alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri, ngazi zinanuka grisi. Kila mara alimkalisha kwenye kiti kile kile kilicholegea mguu, akamrudishia muswada wake.

"Dada, kupanga unajua," alimwambia mara ya mwisho. "Milango, saa, funguo, kila kitu kimekaa mahali pake. Ila muuaji wako ni mtu wa karatasi. Nikimpuliza anaruka. Niletee mtu anayepumua."

"Wanaopumua nitawatoa wapi?"

"Kwani wewe unaishi na nani? Na majini?"

Alishuka zile ngazi akiwa amefura, akaapa kwamba hatakanyaga tena ofisini kwake. Lakini neno lile lilimganda.

Mwaka huo huo dada yake aliugua ini. Hospitali walimlaza, wakamtoa, wakamlaza tena, mwisho wakamwambia fundi kwa sauti ya chini kwamba amrudishe nyumbani tu. Fundi alihamishia cherehani yake chumbani, akawa anashona kando ya kitanda. Kulisha alilisha mwenyewe. Mama mkwe wake alikuja na bakuli la supu aliyoihangaikia tangu asubuhi, fundi akalipokea mlangoni.

"Mama, niachie mimi. Namjua anavyomeza."

Mama aligeuka akarudi kwake, na hajaisahau siku ile mpaka leo.

Bi Fumbo ndiye aliyeruhusiwa kukaa kwenye kigoda pembeni. Alimwona fundi akinawa mikono mpaka viwiko, akifuta kijiko kwa kitambaa safi, akionja supu kwa ncha ya mdomo, kisha akimshika mkewe taya kwa kidole gumba, taratibu, na kusubiri. Hakumharakisha. Kijiko kimoja kiliweza kuchukua muda kama wa kushona kola. Bi Fumbo alikuwa akilia, tena kilio cha kweli, maana dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Ila ndani yake kulikuwa na jicho jingine ambalo halikulia hata kidogo. Jicho hilo lilikuwa likiokota.

Dada alizikwa. Watu walitawanyika, viti vya kuazima vikarudishwa kwa wenyewe, na Bi Fumbo akarudi kwenye kaunta yake na karatasi zake. Safari hii kalamu haikukwama. Alimgeuza fundi cherehani kuwa fundi saa. Alihamisha mji, akampa ndevu, akamwondolea mtoto. Lakini mikono ilinawa mpaka viwiko, kidole gumba kilishika taya, na macho yaliwatazama watu mabegani. Fundi saa huyo alimlisha mkewe sumu kijiko kwa kijiko huku majirani wakimsifu kwamba ni mume wa mfano. Alipoandika mlango ule ambapo mama wa mgonjwa anapokewa supu na kufukuzwa, Bi Fumbo alitulia kidogo. Akaona ni pazuri mno kupaacha.

Mchapishaji alimpigia simu mwenyewe. "Huyu anapumua, dada. Tena ananipumulia shingoni."

Kitabu kikatoka, na mambo yakamnyookea. Kilisomwa saluni, kilisomwa kwenye foleni za benki, wauguzi walikificha chini ya makoti yao. Redio ikaanza kukisoma sura kwa sura kila alasiri, na saa hiyo hata wauza duka hawakutaka kusumbuliwa na wateja. Mkuu wa ofisi ya ardhi alikuja na nakala akaomba saini kwenye kaunta ile ile. Bi Fumbo akaacha kazi. Akanunua miwani mpya. Muuza nyama alianza kumkatia minofu bila kuombwa, akimuuliza huku kisu kikifanya kazi, "Sasa Bi Fumbo, tuambie ukweli, ni nani huyo?"

"Ni wa kutunga tu."

"Haya, wa kutunga," muuza nyama alisema, akamkonyeza.

Redio ilipofika kwenye sura ya kijiko, mtaa uliacha kuuliza. Kwanza alikuja mteja mmoja dukani kwa fundi. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Fundi, nipe tu kitambaa changu. Hata kama hujashona." Kesho yake wakaja wengine. Mmoja alichukua suruali yenye mguu mmoja, akaenda nayo hivyo hivyo. Fundi hakuwa msomaji na redio yake ilikuwa mbovu. Alidhani amewakosea vipimo. Aliyemfungua macho ni binti yake mwenyewe. Alirudi kutoka shuleni na kitabu mkononi, akakiweka juu ya cherehani, akaenda kujifungia.

Bi Fumbo alikuwa amevimba kichwa kwa sifa, lakini moyo wa jiwe hakuwa nao. Aliposikia, alikwenda redioni akaomba aongee. Alieleza wazi kwamba dada yake aliuawa na ugonjwa, kwamba shemeji yake alimuuguza kuliko alivyoweza mtu yeyote, kwamba kitabu ni kitabu. Mtangazaji alimsikiliza kwa heshima, kisha akacheka. "Wasikilizaji, mmemsikia Bi Fumbo. Kama kawaida yake, hawezi kukuonyesha muuaji mapema." Wiki hiyo kitabu kiliisha madukani, mchapishaji akachapisha tena.

Alirudi nyumbani akamkuta mama yake amevaa nguo zake za kutokea, mfuko wa plastiki magotini. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitabu.

"Nimetoka polisi," mama alisema. "Nimewaonyesha."

"Mama, umewaonyesha nini?"

"Ulichoandika. Mwanangu, mimi nilijua. Mtu hawezi kumfungia mlango mama wa mgonjwa bila sababu. Nilijua nikanyamaza, kwa kuwa nani atamsikiliza kikongwe? Wewe umekuwa na moyo wa kusema."

"Nimetunga, mama. Kila kitu nimetunga."

Mama alimshika mkono na kumtazama kwa huruma. "Amekutisha?"

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mama alikula akamaliza sahani. Bi Fumbo alimtazama akitafuna, akamsogezea maji ya kunawa.

Polisi walimwita fundi, wakamhoji. Karatasi za hospitali zilikuwepo, daktari alikuwepo, wakamwachia. Mtaa ulipokea habari hiyo bila kushtuka. "Hata kitabuni," watu waliambiana, "mara ya kwanza walimwachia."

Bi Fumbo alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta amepiga magoti, anafungua cherehani vipande vipande na kuvifunga kwenye magazeti. Hakuwa na pini mdomoni. Bila pini mdomo wake ulionekana wa mzee.

"Karibu, shemeji," alisema bila kugeuka. "Kigoda chako kipo hapo."

Hakuthubutu kukaa. Alianza maneno aliyoyapanga njia nzima, kwamba atakwenda kwenye magazeti, atamlazimisha mchapishaji aandike onyo ukurasa wa kwanza. Fundi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Jana nilimpikia mtoto supu," alisema. "Hakukataa. Alikaa, akashika kijiko, akanitazama. Akasubiri nianze mimi."

Bi Fumbo alijifunika uso.

"Usilie. Ulilia vya kutosha hapo hapo, na tumeona faida yake." Aliweka gurudumu la cherehani sakafuni. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. "Nina swali moja. Wewe ulikuwepo siku zote. Niliua?"

Alifungua kinywa kusema hapana. Ilikuwa hapana nyepesi kuliko zote. Lakini alikuwa ameishi miezi mingi ndani ya kichwa cha fundi saa, amemfundisha kunawa, amemfundisha kusubiri, amemwekea sababu moja juu ya nyingine mpaka zikashikana kama matofali. Na pale mlangoni, mbele ya macho yale, aliona kijiko na hakujua mara moja ni cha yupi. Ilikuwa pumzi moja tu.

"Hapana," alisema. "Hapana, shemeji. Hukuua."

Fundi alimtazama kitambo. Kisha macho yake yakashuka tena mabegani.

"Umechelewa," alisema, akarudi kwenye magazeti yake.

Aliondoka wiki hiyo. Binti alikataa kwenda naye, akahamia kwa bibi yake. Baadaye habari zilikuja kwamba fundi yuko mbali, anashona sare kwenye kiwanda, na kwamba akiulizwa kuhusu familia husema hakuwahi kuoa.

Mchapishaji alitaka kitabu cha pili, fundi saa ametoroka jela. Bi Fumbo alikaa mezani asubuhi baada ya asubuhi. Kila alipohitaji mkono alikumbuka mkono wa mtu, kila alipohitaji sauti aliogopa ni ya nani. Akaandika kwa kujihadhari, hakuazima hata kikohozi cha jirani. Mchapishaji alisoma kurasa chache akamrudishia muswada juu ya meza. "Wa karatasi tena," alisema. Bi Fumbo aliporudi kuomba kaunta yake ofisi ya ardhi, alimkuta kijana mwenye kompyuta. Siku hizi anawaandikia watu barua za maombi ya kazi nje ya benki, na wachache bado wanamtambua na kumwomba saini.

Mama yake sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni kusoma. Alasiri hukaa kwenye kochi na kumwita. "Nisomee pale wanapomfunga pingu." Bi Fumbo husoma. Amesoma sura hiyo mpaka inamtapisha, lakini mama huwa mtulivu akiisikia, na asipoisikia hulia akiita jina la marehemu.

Siku moja alijipa moyo. Alifika pale mpelelezi anapoingia dukani kwa fundi saa, akaacha maandishi, akaanza kusoma yasiyokuwepo. Mpelelezi akavua kofia. Akasema tumekosea, mzee, utusamehe, mkeo alikufa kwa ugonjwa. Ilikuwa sentensi ya kwanza nzuri aliyoitunga Bi Fumbo tangu shemeji yake aondoke.

Mama aliinua uso. "Hapo sipo. Rudia."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Binti alikuwa mlangoni, bado na sare ya shule. Aliingia, akakichukua kitabu mkononi mwa mama yake mdogo kwa adabu kabisa, akafunua ukurasa bila kutafuta. "Nitakusomea mimi, bibi," alisema. Akasoma kwa sauti safi, bila kukosea hata neno, mpaka pingu zikafungwa. Mama alifumba macho akiitikia kwa kichwa polepole. Mtoto alipotua kuvuta pumzi, bibi yake alimwambia aanze tena kutoka juu.