Nzai na Mkwaju wa Bi Mwanamkuu

Watu wa Msambweni wakimtaja Nzai Kaingu, humtaja kama yule Mduruma mkata miti aliyemvunja nyonga Bi Mwanamkuu. Nimelisikia neno hilo dukani, msikitini na hata kwenye khitma, nami kila mara nimenyamaza na kuendelea kunywa kahawa yangu. Leo nataka kumweleza Nzai alivyokuwa. Sina hakika kama mimi ndiye mwenye haki ya kumweleza, lakini waliobaki wanaomjua vizuri ni wachache.

Alitoka Samburu, kule bara kukavu ambako watu hufuga mbuzi. Alikuwa mfupi, mkavu, bega moja limeshuka kwa kuvuta msumeno miaka mingi. Alikuja huku kwetu mwaka wa sitini na nne, uhuru bado mbichi, na desturi yake moja ilituchekesha sote. Kabla ya kuangusha mti aliuzunguka, akauwekea kiganja, akauambia upande wa kulala. "Mzee, utalala huku. Nyumba ya watu usiiguse." Kisha alipiga kabari mbili, akavuta msumeno na mwenziwe, na mti ukalala pale pale alipouambia. Watu wake sita hawakucheka. Walikuwa wamemwona akifanya hivyo kwa miti mingi.

Kilichomleta kilikuwa kandarasi ya halmashauri. Miti ya kando ya barabara kutoka Diani hadi Msambweni, misufi na mikwaju iliyopandwa zama za mkoloni, iliingiwa na ugonjwa. Shinani huota uyoga mweupe, ndani moyo unaoza, na juu majani bado mabichi kama hakuna jambo. Msufi mmoja uliangukia lori la miwa, dereva akapona kwa bahati. Halmashauri ikaamua miti yote iliyougua ikatwe na visiki vyake ving'olewe vichomwe, na Nzai akapewa kazi hiyo.

Mimi, Mbwana, nilikuwa mkaguzi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, baiskeli, daftari na kopo la chokaa. Kazi yangu ilikuwa kuupiga kila mti kwa mgongo wa panga, pande tatu, na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Uliooza husikika mtupu. Mgonjwa niliupaka mstari wa chokaa na kuuandika, na ule usio na chokaa Nzai hakuwa na ruhusa ya kuugusa. Akiugusa, kandarasi imekwisha.

Nilijiona mtu mkubwa, sikatai. Jioni nilikaa na wenzangu kwenye mkahawa nikiwahutubia juu ya ujinga wa wazee wetu, na hasa juu ya kago. Huku kwetu mtu akitaka kukinga mti wake na wezi huutilia kago: kitambaa chekundu, kichupa, pengine kisimbi, kombe dogo la pwani, vimefungwa shinani kwa kamba. Anayeugusa bila idhini, tumbo linamfura. Nilisema hiyo ni shirki, ni upuuzi, na taifa jipya haliwezi kujengwa na watu wanaoogopa kitambaa. Wenzangu walitikisa vichwa. Sikuwaambia kwamba nilipokuwa na miaka saba mjomba wangu aliangua dafu katika mnazi wa watu wenye kago, na nilimwona akifa siku ya tisa, tumbo limekaza. Daktari alisema ni ini. Mama yangu alitazama tumbo tu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi nilifika kwenye mkwaju uliokuwa kando ya barabara mbele ya nyumba ya Bi Mwanamkuu, mjane aliyekuwa akiuza ubuyu na ukwaju. Mkwaju ule ulikuwa mkubwa, matawi yake yakifunika jiko lake la makuti. Shinani palikuwa na kitambaa chekundu na kichupa.

Nilisimama hatua tano kutoka shinani. Nilishika panga. Hapakuwa na mtu barabarani, na huenda angekuwapo mtu ningejikaza kwa aibu nikaupiga. Nilitazama majani, nikayaona mabichi. Nikafungua daftari nikaandika: mkwaju, mzima, umepigwa pande tatu. Kisha nikapanda baiskeli, na kwa umbali wa mkwaju mmoja hadi mwingine nilijisikia mwepesi.

Nzai alifika pale juma lililofuata. Alikata mkwaju jirani, niliokuwa nimeutia chokaa, akang'oa kisiki chake. Kisha akaja kunitafuta ofisini, kofia mkononi.

"Bwana Mkaguzi, ule mkwaju wa kwa mama muuza ubuyu una uyoga upande wa nyuma. Hebu ukaupige tena."

"Nimeshaupiga, Nzai. Ni mzima."

"Pande zote tatu?"

"Wewe kazi yako ni kukata," nikamwambia. "Kusikiliza ni kazi yangu."

Makarani wawili walicheka. Nzai akavaa kofia, akasema, "Haya, Bwana," akaenda zake. Hata sasa nikikumbuka vicheko vile uso unaniwaka moto.

Masika yalikuja na upepo. Siku ya nne ya mvua, mapema asubuhi, Bi Mwanamkuu akiwa jikoni anawasha moto, mkwaju ulianguka. Nilipofika nilikuta watu wengi wamesimama mbali, wanawake wanalia, na hakuna aliyesogea, maana kile kitambaa chekundu kilikuwa bado kinaonekana shinani. Mtu mmoja tu alikuwa ndani ya matawi. Nzai alikuwa amejipaka udongo viganjani, akanena maneno ya kwao, kisha akaingia, akakata tawi lililomlalia yule mama na kumtoa amembeba mgongoni. Aliogopa kama walivyoogopa wengine. Tofauti ni kwamba aliingia.

Bi Mwanamkuu alipelekwa hospitalini na watu wakamfuata. Tulibaki mimi na Nzai na watu wake. Alinionyesha shina kwa mkono. Ndani palikuwa wazi, mtu angeweza kuchuchumaa mle. Ule ubao uliobaki ulikuwa mwembamba kuliko upana wa kiganja, mweusi, umelowa.

"Huu hakuna aliyeuambia kitu," Nzai akasema.

Nilisema kisiki kichomwe mara moja, ugonjwa usije ukaenea. Ndiyo ilikuwa kanuni, na nilishukuru Mungu kwamba kulikuwa na kanuni. Nzai akachukua debe la mafuta ya taa.

"Nikikichoma, hakuna atakayeona. Utawaeleza wewe, Bwana Mkaguzi?"

"Nitawaeleza."

Akamimina mafuta ya taa mle ndani, akawasha. Mvua haikuuzima moto, kwa sababu uliwaka kwa ndani. Hadi adhuhuri palikuwa na shimo na majivu, na matawi watu wakayagawana kwa kuni walipoona kago limeungua.

Halmashauri ilikaa siku ya Alhamisi. Swali lilikuwa moja: mti mzima umeangukaje? Mwenyekiti alisoma daftari langu kwa sauti, mzima, umepigwa pande tatu, kisha akamuuliza Nzai kama ni kweli aling'oa kisiki cha mkwaju jirani. Nzai akasema ni kweli. Je, hakukata mizizi ya huu? Nzai akasema hapana, mti ulikuwa mtupu ndani, na mkaguzi aliuona kwa macho yake.

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: mkwaju ule mimi sikuupiga. Nilifikiri juu ya kaptura yangu, na baiskeli, na mkahawa, na jinsi watakavyosema: kumbe yule mhubiri aliogopa kitambaa. Hilo la kuchekwa ndilo lililonishinda, kuliko hata kazi.

"Daftari langu liko mezani," nikasema. "Sina la kuongeza."

Nzai hakubisha. Aliniangalia mara moja tu, bila hasira, akashusha macho. Kandarasi ikavunjwa kwa uzembe, na neno hilo likaandikwa mbele ya jina lake. Jioni aliwaongoza watu wake kituoni, misumeno imefungwa kwa magunia, wakarudi bara.

Nilikwenda kumzuru Bi Mwanamkuu aliporudi nyumbani. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu hauwezi kukunjika, na hautakunjika tena maisha yake yote. Nilimpelekea sukari na majani ya chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Tulizungumza juu ya mvua. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ni mganga gani aliyemtilia kago kwenye mkwaju. Akatabasamu.

"Mganga wa wapi, mwanangu? Nilikifunga mimi mwenyewe kile kitambaa, ni kipande cha leso yangu kuukuu. Na kichupa kilikuwa cha dawa ya kikohozi. Nilijua mkwaju ule umeoza, usiku nikiusikia unalia. Na watoto walikuwa hawaishi kuokota ukwaju pale chini. Ukimwambia mtoto mti umeoza atakucheka. Ukimwonyesha kago, hasogei."

Nilitazama sakafu.

"Nikasema acha nikifunge, niwazuie watoto hata watu wa halmashauri waje na panga zao. Wale wamesoma, hawaogopi vitambaa. Wakiupiga watasikia." Akashusha pumzi. "Na wewe uliupiga, walisema. Basi masikio nayo hukosea, si kosa lako."

Nilimuaga. Sikuweza kumwambia. Nilitembea hadi nyumbani nikiikokota baiskeli, maana niliona haya kuipanda.

Mwaka wa sitini na tisa nilikwenda Samburu. Nilimkuta Nzai akiziba zizi la mbuzi kwa matawi ya miiba. Mkewe, Mbodze, alinipa kigoda na maji ya kunywa, wala hakuniuliza mimi ni nani, nadhani alijua. Nilimweleza Nzai yote, tangu hatua tano hadi leso ya Bi Mwanamkuu. Alisikiliza huku akichagua miiba. Nilipomaliza alikaa chini.

"Mimi hayo nilikuwa nayajua, Bwana Mkaguzi. Nilikuwapo."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimekupa. Kuna jambo jingine lakini." Alitazama nyumba. "Binti yangu Jumwa aliposwa. Wakwe wakatuma mtu Msambweni kuulizia habari za baba yake. Yule mtu aliporudi, hawakuja tena. Nimeitwa mzembe, mimi, niliyekuwa nikiuomba mti kwa adabu. Umesafiri mbali sana kumwambia mtu ambaye anajua. Nenda ukawaambie wasiojua."

Nikamwambia nitawaambia. Ilikuwa mara ya pili kumpa neno hilo.

Niliporudi, halmashauri ilikuwa inakaa, Alhamisi kama desturi yake. Nilifika hadi mlangoni. Nilikuwa nimepandishwa cheo, ofisi yangu ilikuwa na dirisha na feni, na waliokuwa ndani walinikaribisha kwa jina la heshima. Nikasalimu, nikauliza habari za barabara ya Lunga Lunga, nikatoka. Nimestaafu kwa heshima zote, na nimepewa saa ya mkononi.

Nzai amekufa. Bi Mwanamkuu alimtangulia, na hadi mwisho alikuwa akiniombea dua kwa ile sukari. Jumwa sijui aliolewa na nani, au kama aliolewa. Daftari lenyewe lilitupwa walipohamisha ofisi, kwa hiyo hakuna wa kulisahihisha. Nalisahihisha hapa, kwa mwandiko ule ule, na asomaye na awaambie wengine:

Mkwaju wa mbele ya nyumba ya Bi Mwanamkuu, mgonjwa. Haukupigwa. Mkandarasi alisema, mkaguzi aliogopa.